Tuulize Kwanza Gesi Imeundwa na Nini

Machi 2025 timu mbili za wanaastronomia, moja ya Uholanzi na nyingine ya Italia, zilitangaza kwamba zimeona oksijeni ndani ya galaksi iitwayo JADES-GS-z14-0. Zote zilitumia ALMA, ule mtandao wa antena ulioko kwenye jangwa la Atacama nchini Chile. Mwanga wa galaksi hiyo uliondoka huko wakati ulimwengu haujatimiza miaka milioni 300, ukasafiri zaidi ya miaka bilioni 13.4 hadi kutufikia. Mstari wa oksijeni, yaani mwanga wa urefu maalumu wa wimbi unaoitambulisha elementi hiyo, ulioondoka ukiwa na urefu wa mikromita 88 ulipokewa hapa ukiwa umerefuka hadi milimita 1.3 na ushei, kwa sababu anga lenyewe lilitanuka njiani. Ishara ilikuwa hafifu, lakini iliyosema ni mazito: galaksi changa kiasi hicho ilikuwa na elementi nzito takriban mara kumi ya zilizotarajiwa.

Habari nyingi zilishikilia umbali na rekodi. Kwangu mimi oksijeni yenyewe ndiyo habari. Tangu darubini ya James Webb ilipoanza kazi ya kisayansi Julai 2022, mjadala wa galaksi za mwanzo umetawaliwa na maswali ya kiasi: zina nyota ngapi, zinang'aa kiasi gani, zilipata wapi gesi yote hiyo mapema vile. Wapo waliofanya haraka kusema kwamba hesabu nzima ya Mlipuko Mkuu imeporomoka. Naona tumeanza na swali la pili tukaliruka la kwanza. Kabla ya kuuliza gesi ilikuwa kiasi gani, ingefaa tuulize ilikuwa gesi ya nini. Mchanganyiko wake ndio unaoamua kama itageuka nyota au itabaki wingu, na zitakuwa nyota za namna gani. Na kuna jambo linalosahaulika mara nyingi: mchanganyiko huohuo ndio unaoamua kama sisi tutaiona hiyo gesi au itatupita.

Mambo yote haya yanaanzia kwenye baridi. Nyota ni moto, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba inazaliwa mahali penye moto, kumbe ni kinyume chake. Wingu la gesi linagombaniwa na nguvu mbili: uvutano unalikusanya, joto la ndani linalitawanya. Mwaka 1902 James Jeans wa Uingereza alionyesha kwamba wingu likishazidi uzito fulani, uvutano unashinda na wingu linaporomoka lenyewe. Uzito huo wa mpaka unategemea sana joto. Msongamano ukiwa uleule, wingu lenye kelvini 200 (kelvini ni kipimo cha joto kinachoanza sifuri kwenye baridi ya mwisho kabisa) linahitaji uzito wa karibu mara 90 ya lile lenye kelvini 10 ndipo lianguke. Gesi baridi humegeka vipande vidogo vidogo, na kila kipande kinakuwa nyota ya kiasi. Gesi yenye joto hukatika mabonge makubwa.

Halafu kuna shida nyingine. Gesi ikianza kuporomoka inajibana, na ikijibana inapata joto, na joto likibaki ndani kuporomoka kunasimama. Lazima joto litoke. Linatoka kwa njia ya mwanga: chembe mbili zinagongana, moja inameza sehemu ya nishati ya mgongano, kisha inaitema kama fotoni, yaani punje ya mwanga, na fotoni ikipenya hadi nje ya wingu, inaondoka na kiasi hicho cha joto. Sasa kila atomu na kila molekuli ina ngazi zake za nishati, na mgongano usiofikia ngazi ya kwanza hauleti mwanga wowote. Ndiyo maana wingu la elementi hizi na wingu la elementi zile, hata yakiwa na uzito mmoja na joto moja, hayana mwisho mmoja.

Gesi ya mwanzo kabisa ilikuwa maskini wa ngazi hizo. Dakika chache baada ya Mlipuko Mkuu ulimwengu ulikuwa na hidrojeni kama robo tatu ya uzito wote, heliamu kama robo, na vipunje vya deuteri (hidrojeni nzito) na lithi. Hakukuwa na kaboni, oksijeni, silikoni wala chuma. Atomu ya hidrojeni inahitaji mgongano mkali ili iamke. Gesi ikishashuka chini ya kelvini 8,000 hivi, atomu hizo zinagongana bila kutoa chochote, na wingu linabaki na joto lake. Heliamu ni ngumu zaidi hata ya hidrojeni. Kama ulimwengu ungekuwa na atomu hizo peke yake, mawingu madogo ya mwanzo yangeganda katika hali hiyo.

Kilichookoa ni molekuli ya hidrojeni, atomu mbili zilizoshikana. Lakini nayo ni dhaifu kwa kazi hii. Atomu zake ni pacha, hakuna upande wenye chaji zaidi ya mwenzake, kwa hiyo molekuli ikizunguka hutoa mnururisho kwa shida sana. Inaweza kuishusha gesi hadi kelvini 200 hivi, basi. Na hata kuipata ni taabu. Siku hizi molekuli za hidrojeni huundwa juu ya punje za vumbi la anga: atomu moja inatua, ya pili inaikuta, zinashikana na kuondoka pamoja, punje ikibaki na nishati iliyozidi. Wakati ule vumbi halikuwepo. Atomu ya hidrojeni ilibidi kwanza inase elektroni iliyobaki ikirandaranda tangu enzi ya joto kali, iwe na chaji hasi, kisha ikutane na atomu nyingine, na elektroni iachiliwe iende zake. Mzunguko huo ulizaa molekuli chache mno, ndogo kuliko moja kwa kila atomu elfu. Uchache huo ndio uliobeba kazi yote ya kuzaa nyota za kwanza. Kila nikiirudia sehemu hii nashangaa upya: historia nzima ya nyota ilipitia kwenye tundu jembamba namna hiyo.

Matokeo yake yanajulikana kwa hesabu za kompyuta zilizofanywa kuanzia miaka ya mwisho ya 1990. Gesi ya kelvini 200 ilikusanyika kwenye mabonge yenye uzito wa Jua kama elfu moja kila moja, na ndani yake zikazaliwa nyota zinazokisiwa kuwa na uzito wa Jua mara makumi, pengine mamia. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba sahani ya gesi inayozunguka nyota changa inaweza kumegeka na kutoa wadogo pia, kwa hiyo sitaki kusema kwamba zote zilikuwa majitu. Lakini uzani wa jumla uliegemea kwenye ukubwa. Na nyota kubwa huishi muda mfupi, miaka milioni chache, kisha nyingi hulipuka na kumwaga ndani ya gesi vitu vilivyopikwa tumboni mwake.

Hapo mchanganyiko ukabadilika. Wanaastronomia wana desturi ya kuita kila elementi iliyo nzito kuliko heliamu "metali", oksijeni ikiwemo; mkemia atakunja uso, lakini istilahi imeshazoeleka na nitaitumia. Kaboni iliyopoteza elektroni moja ina ngazi ya nishati iliyo chini sana, inayoamshwa na migongano ya gesi ya kelvini 90 hivi, na mwanga wake wa mikromita 158 hutoka nje ya wingu bila tabu. Oksijeni nayo ina mistari ya namna hiyo. Hivyo kiasi kidogo tu cha metali kinafungua mlango ambao hidrojeni haikuweza kuufungua. Hesabu iliyotolewa mwaka 2001 na Volker Bromm na wenzake iliweka kizingiti hicho kwenye takriban sehemu moja kwa 2,000 ya metali zilizomo ndani ya Jua. Na Jua lenyewe, kwa uzito, halina metali zaidi ya asilimia moja na nusu.

Kuna kambi ya pili inayosema kwamba mwenye kazi ni vumbi, wala si kaboni na oksijeni zikiwa gesi. Punje za vumbi huangaza kwa infraredi kwenye msongamano mkubwa, pale ambapo mistari ya kaboni imeshalemewa, na kizingiti chake kipo chini mara nyingi zaidi. Mimi nimeegemea upande huu, na sababu yangu ni nyota moja. Mwaka 2011 Elisabetta Caffau na wenzake walieleza nyota SDSS J102915+172927, ndogo kuliko Jua, yenye metali kama sehemu moja kwa 20,000 ya zile za Jua, na kaboni yake haitoshi kukivuka kizingiti cha Bromm. Kama kaboni na oksijeni ndizo pekee zinazoruhusu nyota ndogo kuzaliwa, nyota hiyo isingekuwepo. Ipo, na tunaiona ndani ya galaksi yetu. Vumbi linaieleza vizuri zaidi kuliko maelezo mengine niliyoyasoma.

Tofauti hiyo ya kambi ina uzito hata kwa JADES-GS-z14-0. Oksijeni iliyoonekana pale iko mbali juu ya vizingiti vyote viwili. Maana yake ni kwamba nyota tunazoziona si za kizazi cha kwanza. Kuna kizazi kilichotangulia, kilichozaliwa, kikaishi, kikafa na kuchanganya majivu yake na gesi, vyote hivyo ndani ya miaka isiyofika milioni 300. Yeyote anayejaribu kueleza mwangaza wa galaksi hiyo kwa nyota za hidrojeni na heliamu tupu amechelewa. Dirisha hilo lilikuwa limeshafungwa pale, walau kwenye sehemu kubwa ya gesi inayong'aa.

Hata hivyo, kuwa na metali hakukuifanya gesi ile ifanane na ya leo. Masalio ya joto la Mlipuko Mkuu, ambayo sasa yana kelvini 2.7, yalikuwa na zaidi ya kelvini 41 wakati ule, kwa kuwa ulimwengu ulikuwa mdogo mara 15. Gesi haiwezi kupoa ikawa baridi kuliko mnururisho inaoogelea ndani yake. Mawingu ya leo yanashuka hadi kelvini 10. Yale yalikomea 41 hata kama yalikuwa na kaboni na vumbi la kutosha. Ukirudi kwenye hesabu ya Jeans, tofauti hiyo peke yake inapandisha uzito wa mpaka zaidi ya mara nane kwa msongamano uleule. Nyota zikiegemea ukubwa, mwangaza kwa kila kilo unapanda, kwa sababu nyota kubwa zinang'aa kupita kiasi cha uzito wake. Kwa hiyo mtu anayechukua mwangaza wa galaksi ya mwanzo na kuubadilisha kuwa idadi ya nyota kwa kipimo cha nyota za jirani zetu anaweza kupata uzito mkubwa kuliko uliopo. Sehemu ya ile taharuki ya mwaka 2022, galaksi zilizoonekana nzito mno kwa umri wake, ilitoka kwenye vipimo vya aina hiyo. Sisemi ni yote. Lakini kabla ya kuibomoa nyumba ni haki kuikagua kamba ya kupimia.

Upo pia upepo wa nyota. Nyota kubwa husukuma gesi nje kwa nguvu ya mwanga wake, na mwanga unaishika gesi hiyo hasa kupitia mistari mingi ya chuma na ndugu zake. Metali zikipungua, upepo unalegea. Mwaka 2023 Avishai Dekel na wenzake walijenga hoja juu ya jambo hili: katika gesi nzito yenye chembe kama 3,000 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kuporomoka kunamalizika ndani ya miaka milioni moja hivi, ilhali nyota kubwa zenye metali chache zinachukua miaka milioni mbili au zaidi kabla ya kuanza kusumbua mazingira yake kwa upepo na milipuko. Gesi inapata nafasi ya kugeuka nyota karibu yote kabla hakijatokea cha kuitimua. Katika mawingu ya leo ni asilimia moja au mbili tu inayogeuka nyota kwa kila muda wa kuporomoka. Hoja hii naipenda kwa sababu haihitaji fizikia mpya, inahitaji tu kuichukulia kemia kwa uzito unaostahili. Tahadhari yangu ni kwamba ina masharti mawili, msongamano mkubwa na metali kidogo, na sharti la pili linazidi kubana kila oksijeni inapoonekana mapema zaidi. Anayeitetea hana budi kutuambia metali ni kidogo kiasi gani, galaksi kwa galaksi.

Sasa kwenye kuona. Hili ndilo linalonifanya niandike kwa mkazo, maana makosa yake ni rahisi kufanyika na magumu kugundulika. Molekuli ya hidrojeni ikiwa kwenye baridi haing'ai. Ndiyo iliyo nyingi kupita zote ndani ya mawingu yanayozaa nyota, na ndiyo tusiyoiona. Kwa hiyo wanaastronomia hupima monoksidi ya kaboni, kisha huzidisha kwa kigezo fulani kupata jumla ya hidrojeni. Kigezo hicho kimepimwa hasa katika galaksi yetu, yenye metali nyingi na vumbi la kutosha kuzikinga molekuli dhidi ya mionzi ya urujuanimno. Palipo na metali chache vumbi nalo ni chache, mionzi inapenya na kuivunja monoksidi ya kaboni, lakini hidrojeni inajikinga yenyewe kwa wingi wake. Tunabaki na wingu kubwa la hidrojeni lenye punje ndogo tu ya monoksidi katikati. Ukitumia kigezo cha kawaida utasema gesi imekwisha, nawe umesimama mbele ya bahari ya gesi.

Hili limeonekana karibu nasi. Wingu Dogo la Magellan, lenye metali kama moja ya tano ya zile za Jua, lina gesi ya molekuli nyingi kuliko monoksidi yake inavyodai. Katika galaksi kibete WLM, yenye metali kama asilimia 13 ya zile za Jua, monoksidi ya kaboni ilipatikana kwa taabu kubwa na kutangazwa mwaka 2013, ingawa galaksi hiyo inazaa nyota waziwazi. Kama darasa hili lipo jirani, kwa galaksi za miaka milioni 300 ya mwanzo halikwepeki. Anayetangaza kwamba galaksi fulani ya kale inazaa nyota "bila gesi ya kutosha" aonyeshe kwanza amefanya nini na kigezo chake.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kuhoji kama molekuli ni lazima. Simon Glover na Paul Clark walionyesha kwa hesabu za kompyuta mwaka 2012 kwamba wingu lenye metali linaweza kuporomoka na kuzaa nyota hata likinyimwa molekuli kabisa, kwa sababu kaboni iliyochajiwa inapoza vya kutosha. Muhimu zaidi ni kuwepo kwa vumbi la kulikinga wingu dhidi ya mionzi inayolipasha joto kutoka nje. Molekuli na nyota, kwa maelezo yao, huonekana pamoja kwa kuwa vyote viwili vinapenda mahali pamoja penye kivuli. Nakubaliana nao kwa ulimwengu wenye metali. Kwa gesi ya mwanzo kabisa hoja haisimami, kwani pale bila molekuli ya hidrojeni hapakuwa na chombo kingine cha kupozea. Ndipo inapoonekana jinsi neno "gesi" likiachwa peke yake linavyoficha mambo: molekuli ileile ni sharti katika zama moja, na ni shahidi tu katika zama nyingine.

Wanaopinga msimamo wangu wana hoja moja nzuri. Uhusiano kati ya wingi wa gesi na kasi ya kuzaa nyota, uliopendekezwa na Maarten Schmidt mwaka 1959 na kupimwa upya na Robert Kennicutt mwaka 1998, unaunganisha galaksi za aina nyingi kwa mstari mmoja. Kama kiasi kinatabiri vizuri hivyo, mchanganyiko una kazi gani? Jibu langu ni kwamba mstari ule ulichorwa kwa galaksi ambazo karibu zote zimeshavuka vizingiti muda mrefu uliopita. Vizingiti vikishavukwa, metali hubadilisha aina na wakati zaidi kuliko kuzuia. Huwezi kuyatumia majengo yaliyokamilika kuonyesha kwamba msingi hauna kazi. Zaidi ya hapo, metali zenyewe hutunza kumbukumbu ya kiasi: mwaka 2023 Kasper Heintz na wenzake waliripoti kwamba galaksi za miaka kama milioni 700 ya mwanzo zina metali chache kuliko uzito na kasi yake ya kuzaa nyota vinavyotabiri, dalili kwamba gesi mpya isiyoguswa ilikuwa ikimiminika ndani yake na kuizimua ile ya zamani. Habari hiyo ya wingi ilisomwa kwenye kemia.

Na kuisoma kunawezekana. Katika wiki za kwanza za James Webb, kwenye kipande cha anga kiitwacho SMACS 0723, ulionekana mstari dhaifu wa oksijeni wenye urefu wa wimbi wa angstromu 4363 (angstromu ni sehemu moja kwa 10,000 ya mikromita) kutoka galaksi ya zaidi ya miaka bilioni 13 iliyopita. Mstari huo ukilinganishwa na wenzake wenye nguvu hutoa joto la gesi inayomulikwa na nyota changa. Lilipita kelvini 20,000, mara mbili na zaidi ya joto la nebula, yaani mawingu ya gesi inayong'aa, za kawaida za jirani. Gesi ile ilikuwa na joto hilo kwa sababu ilikosa oksijeni ya kuipoza, metali zake zikiwa asilimia chache tu ya zile za Jua.

Galaksi GN-z11 haijakubali kueleweka kirahisi namna hiyo. Ni ya miaka kama milioni 430 baada ya Mlipuko Mkuu, na mwaka 2023 spektra yake, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa urefu wa wimbi, ilionyesha mistari ya nitrojeni iliyo mikali ajabu. Ikilinganishwa na oksijeni, nitrojeni yake imezidi hata ile ya Jua, ingawa metali zake kwa jumla ni chache. Mlipuko wa kawaida wa nyota kubwa hautoi uwiano huo. Zimetajwa nyota zenye uzito wa Jua mara maelfu, zimetajwa nyota zinazopoteza ngozi yake ya nje kabla ya kulipuka, imetajwa pia gesi inayolizunguka shimo jeusi. Uwiano wa namna hiyo tunaujua kutoka kwa baadhi ya nyota za vishada vya mviringo, yaani makundi ya nyota yaliyosongamana, vinavyoizunguka galaksi yetu, nyota zilizozaliwa zamani sana kutoka kwa gesi ambayo mpaka leo hatujajua ni nani aliyeichafua.